Kijana wetu na namba 13: kisa cha kruzi yetu ya kwanza na watoto wenye mahitaji maalumu

Naandika kwa urefu kwa sababu nimeulizwa mara nyingi mno na wazazi wenzangu wa hapa Houston, Wabongo, Wakenya, Wakongo, "nyie mliwezaje kwenda kruzi na yule kijana wenu?" (kruzi ni safari ya mapumziko kwa meli ya kitalii), na kila nikijibu kwa kifupi naona nimempotosha mtu, maana ukifupisha inaonekana ilikuwa raha mwanzo mwisho au balaa mwanzo mwisho. Haikuwa hivyo. Kuna siku moja ilitushinda kabisa, halafu tukakaa siku nzima na usiku wake tunaambiana kwamba sababu tunaijua, kumbe tuliyoshika siyo. Hapo ndo nataka tukae.

Tulikuwa watano. Mimi, mume wangu, kijana wetu wa miaka 9 ambaye ana usonji (autism), binti yetu wa miaka 6 mwenye mtindio wa ubongo uliomkaza miguu, na mama yangu mzazi aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Kijana ana maneno machache ya mdomoni, mengine anabonyeza picha kwenye tableti inamsemea. Kiswahili anaelewa, Kiingereza anaelewa, tena anaelewa kuliko watu wanavyodhani wakimwangalia. Anapenda vitu viwili kuliko vyote, namba na lifti, na lifti anaipenda kwa sababu ina namba. Na anakimbia. Mwenye mtoto wa usonji anajua nikisema anakimbia namaanisha nini, umeinama kufunga kamba ya kiatu, ukiinuka hayupo. Mwaka 2012 jarida la Pediatrics lilitoa utafiti wa hapa Marekani ukionyesha 49% ya watoto wa usonji waliwahi kujaribu kutoroka hivyo baada ya kufikisha miaka 4, nakumbuka nilipousoma nililia, maana miaka yote nilikuwa nadhani ni mimi nimeshindwa kulea.

Kwa nini kruzi? Ndege tulishaijaribu kwenda Dar na sitaki kuikumbuka. Galveston ni kama kilomita 80 kutoka kwetu, unapanda gari lako, saa moja na kitu upo bandarini. Halafu ukifikiria vizuri meli inamfaa mtoto ambaye hapendi mambo kubadilika, kitanda ni kile kile kila usiku, meza ya chakula ile ile, mhudumu yule yule, nchi ndo zinakuja mlangoni. Tukachukua ya usiku 5, kuondoka Jumatatu, Jumanne baharini, Jumatano Cozumel, Alhamisi Progreso, Ijumaa baharini, Jumamosi asubuhi nyumbani. Tukachukua vyumba viwili vinavyotazamana, vya ndani visivyo na dirisha wala baraza, hilo nalisisitiza, mtoto anayekimbia na anayepanda vitu usimlaze chumba chenye baraza juu ya bahari eti kwa ajili ya mandhari. Giza la chumba cha ndani nalo lilimsaidia kulala. Na kabla sijasahau, kama una mgeni kutoka nyumbani hakikisha viza yake ya Marekani inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikigusa Mexico ameshatoka nchini, akirudi anaingia upya. Ya mama iliruhusu, lakini tuliiangalia baada ya kulipa, Mungu tu alitusaidia.

Sasa kosa la kwanza. Ukikata tiketi kuna fomu ya mahitaji maalumu, kila kampuni kubwa inayo. Mimi nilikuwa nimeshasoma, nilijua Royal Caribbean tangu 2014 wana cheti cha kuwa rafiki kwa familia zenye usonji, nilijua Carnival wanashirikiana na shirika la KultureCity na wana mikoba yenye hedifoni za kuzuia kelele na vitu vya kuchezea mkononi. Meli tuliyopanda sitaitaja, na kwa kweli sina la kuwalaumu. Ni sisi hatukujaza. Mume wangu aliniambia, "Mama watoto, ukishamwandika umemtia alama. Tutakaa kule kila mtu anatuangalia. Mwache aende kama mtoto wa mtu yeyote." Nikanyamaza. Namwelewa hata leo, kwetu wote wawili tumekua tunaona watoto wa hivi wanafichwa chumba cha uani wageni wakija, na yeye aliapa wake hatafichwa, sasa kwake kumwandika kwenye fomu kulikuwa kama kumficha kwa namna nyingine. Ilikuwa mapenzi kabisa. Ila meli ikaja kumpokea mtoto ambaye haimjui.

Maandalizi mengine tulifanya vizuri, au tuliona hivyo. Wiki tatu kabla nilimtengenezea kitabu cha picha. Ukurasa wa gari, ukurasa wa daraja refu la kuingilia kisiwa cha Galveston, foleni, meli, chumba, kitanda, meza. Ukurasa wa lifti niliupamba kuliko yote maana ndo ugonjwa wake. Nilikuwa nimeona mahali meli ina sitaha ya 14 (sitaha ni kama ghorofa ya meli) ambapo kuna bwawa, nikachora vitufe vya lifti kwa kalamu nyekundu, 1 mpaka 14, vikubwa, vya kubonyeza. Kila usiku kabla ya kulala anabonyeza vyote mpaka 14, akifika anacheka, kisha anafunga kitabu mwenyewe. Usiku wa 20 na kitu nikasema huyu yuko tayari.

Siku yenyewe ilikuwa wiki ya mapumziko ya shule ya Machi, ndo likizo tuliyopata, na bandari ilijaa. Tulisimama kwenye foleni karibu saa mbili. Kwenye ukaguzi wakaona hotpoti ya mama ina chapati, wakasema kwa heshima chakula cha kupika nyumbani hakiingii melini, cha pakiti iliyofungwa ruksa. Mama alisikitika sana, alikuwa ameamka saa kumi usiku kuzipika kwa ajili ya mjukuu ambaye hali chochote kigeni. Tukazila pale pale tumesimama. Ndani watoto wakavalishwa bangili ya karatasi ngumu yenye alama ya kituo chao cha dharura, kijana akavumilia dakika mbili, akaing'ata, akaitupa, na mimi nikaiokota nikaitia mfukoni nikasema nitamvalisha baadaye. Ile bangili ndo kitu pekee ambacho kingemwambia mtu yeyote huyu mtoto ni wa wapi.

Ikaja sauti kwenye spika, ya zoezi la dharura. Milio 7 mifupi na mmoja mrefu. Kwenye kitabu changu haikuwemo. Watu wamejaa kwenye ukumbi wa lifti, kijana ameziba masikio, mimi nimeinama naifungua mikanda ya kiti cha binti, mume wangu ana mabegi. Nikainuka hayupo.

Sitaki kueleza zile dakika zilivyokuwa ndani ya mwili wangu. Zilikuwa 14, nilikuja kuhesabu kwenye simu. Mume wangu alishuka ngazi mbio kuelekea tulikotokea. Mimi nikamshika mhudumu, akauliza jina, nikasema akiitwa haitiki, akauliza anaongea nini, nikasema haongei na asiyemjua, nikamwonyesha picha kwenye simu, akatangaza kwenye redio yao ya mkononi. Walifanya kazi yao vizuri sana. Lakini fikiria, watu elfu tatu na zaidi, sitaha zaidi ya kumi, na kwenye orodha zao zote hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtoto huyu hajibu akiitwa na anaweza kwenda kwenye maji. Mimi kichwani nilikuwa nimeshaona maji. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walitoa kazi yao 2017, watoto wenye usonji uwezekano wao wa kufa kwa kuzama ni mara 160 ya watoto wengine, na hiyo namba ilikuwa inapiga kengele kichwani muda wote.

Aliyempata ni dada yake. Alinivuta gauni akasema, "Mama, kaka anahesabu." Tukabaki pale pale mbele ya milango ya lifti, ya tatu ilipofunguka huyo hapo, amesimama kwenye kona na bibi mmoja wa Kizungu ambaye hakuelewa kitu, anapiga vitufe kwa kiganja, anapiga, anapiga, machozi yanamtoka. Tulipomtoa alilipuka, alijitupa chini, akajipiga kichwa, watu wakatengeneza duara wakawa wanaangalia, mume wangu akamlalia juu kumkinga. Ndo picha yetu ya kwanza ya kruzi.

Jioni ile, baada ya kuwa amelala bila kula, tulikaa mimi na mume wangu tukatoa hukumu. Tukasema ni king'ora na msongamano. Ilikuwa na mantiki, masikio yake tunayajua. Kwa hiyo Jumanne tukampangia kimya: hedifoni muda wote, chakula chumbani, na lifti marufuku kwa sababu ndo pana watu. Ngazi tu. Mume wangu anambeba binti mgongoni, mimi kiti nimekikunja, ngazi juu ngazi chini, nyonga zinaniuma mpaka leo nikikumbuka. Na kijana kila tukipita ukumbi wa lifti analipuka upya. Tukasema unaona, anaogopa lifti sasa. Tulivyozidi kumtibu ndo alivyozidi.

Tukampeleka kwenye bwawa tukidhani maji yatamtuliza, na hapo nikajifunza kitu ambacho wazazi wengi hawajui. Kijana bado anavaa pampasi. Kanuni za usafi za CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kwa meli zinazofika bandari za Marekani haziruhusu mtoto asiyejiweza choo kuingia kwenye bwawa, hata umvalishe zile pampasi za kuogelea. Haijalishi umri. Wahudumu walinieleza taratibu, pembeni, bila kunidhalilisha. Lakini kumweleza mtoto ambaye kwenye kitabu chake kuna ukurasa wa bwawa ni kazi nyingine. Ukurasa wa pili wa kitabu changu umeanguka, na bado sijashtuka.

Aliyeshtuka ni mama. Usiku wa Jumanne alisema niacheni na mume wangu mnilalie huko (bibi wa kipwani hujamsikia anamwita mjukuu mume wangu?), akalala naye yeye. Kijana hakulala. Alikuwa ameshika kile kitabu, amefungua ukurasa wa lifti, kidole kwenye kitufe kimoja, na mkono mwingine tableti, "wapi", "wapi", "wapi". Mama Kiingereza hajui ila namba anazijua. Alfajiri alipomaliza kuswali alitoka peke yake na kanga yake kichwani akaenda kwenye lifti, akaingia, akavisoma vitufe kimoja kimoja kama anavyokagua mchele. Akarudi akagonga mlango wetu. "Mwanangu, amka. Kule kwenye lifti kumi na tatu haipo. Umemwandikia mtoto kitu ambacho hakipo."

Nilienda kuangalia na gauni la kulalia. 11, 12, 14. Haipo.

Baadaye ndo nikajua ni jambo la kawaida, meli nyingi za kitalii zinairuka sitaha ya 13 kwa sababu Wazungu wengi wanaiona ina nuksi, kama majengo marefu ya huku yanavyoiruka ghorofa ya 13. Sisi kwetu nuksi tunazo nyingi lakini hiyo haimo, ndo maana mimi wala mume wangu macho yetu yalipita pale bila kuona kitu. Mtoto aliyeifanyia mazoezi wiki tatu aliona sekunde ya kwanza.

Sasa tuipange upya ile Jumatatu. Sisemi kelele hazikuwa na kazi. Foleni ilimchosha, chapati alizozoea zikaliwa kwa fujo, king'ora kikamtisha, na mtoto akiwa hivyo anakimbilia mahali anapopaamini. Lifti ndo mahali hapo. Angeikuta lifti kama alivyoijua nina hakika angesimama pale akapanda na kushuka mpaka tumkute, mikono imetulia. Aliikuta imempunguzia namba moja. Kimbilio lake lilimgeuka. Alikuwa anapiga kile kitufe akiitafuta 13 itoke, na sisi tukamvuta nje kabla hajaipata, halafu kesho yake tukamfungia lifti yenyewe, yaani mtu amepoteza kitu chumbani unamzuia asiingie chumba hicho. Ushahidi kwamba kelele haikuwa mzizi ulikuja wenyewe: Ijumaa kwenye sitaha ya bwawa muziki ulikuwa mkubwa mpaka kifua kinatetemeka, akavaa hedifoni akaendelea na mambo yake.

Tulichofanya Jumatano saa kumi na moja na nusu alfajiri, lifti zikiwa tupu, ni kwenda wote wanne (binti alikuwa bado amelala na baba yake) yaani mimi, mama, kijana na kitabu. Tukapanda. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na nne. Akapiga kelele. Mama akachukua kalamu akaikata 13 kwenye kitabu mbele ya macho yake, akaandika 13 kwenye karatasi nyingine, kubwa, akampa aishike. Tukashuka tukapanda tena. Nusu saa nzima analia na karatasi kifuani, sitaki mtu adhani ilikuwa muujiza. Mara ya sita au ya saba hivi lifti ilipotoka 12 alisema mwenyewe kwa mdomo wake, "nne", maana yake kumi na nne. Tukarudi chumbani, mama akamuuliza hii ilale wapi, akaonyesha ukutani karibu na mlango. Kuta za vyumba vya meli ni za chuma, sumaku inashika, nami nilikuwa na sumaku za kuning'inizia mikoba. Tukaibandika. Kuanzia hapo kila akitoka anaigusa, akirudi anaigusa, na lifti ikawa yake tena. Tulipanda labda mara 15 kwa siku. Tuliona ni bei nafuu.

Kitu cha pili cha siku hiyo, mume wangu alikwenda mwenyewe kaunta ya huduma kwa wageni, bila kuniambia. Aliwaeleza kila kitu. Aliporudi alikuwa kimya, akasema tu, "Hawajamwangalia vibaya." Wakaandika taarifa zake, jinsi alivyo, asivyojibu akiitwa, anapopenda kwenda. Wale wa kituo cha dharura wakamjua. Bangili mpya hawakumvalisha mkononi, waliifunga kwenye kamba ya kiatu, kitu rahisi hivyo. Mezani mhudumu wetu, Mfilipino mmoja mpole, akaanza kuleta wali mweupe kwenye sahani ya peke yake usioguswa na mchuzi wala jani, kabla hatujaomba. Na siku ya kushuka walitutoa mapema tusipite kwenye ule msururu. Yote hayo yalikuwa yanapatikana tangu Jumatatu, hata kupanda meli kabla ya wengine. Tulisimama saa mbili kwenye foleni ambayo tungeweza kuikwepa kwa ukurasa mmoja wa fomu.

Kuhusu lile zoezi la dharura, wazazi wengine wananiuliza kama mtoto anaweza kusamehewa. Usiombe kusamehewa, omba kufanyiwa kwa utaratibu unaomfaa. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio Italia tarehe 13 Januari 2012 walikufa watu 32, na waliokuwa wamepandia Civitavecchia jioni ile walikuwa hawajafanya zoezi lolote, ndo maana sheria ya sasa inataka lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kwa mama yangu huhitaji kueleza. MV Bukoba 1996, Spice Islander 2011, Skagit 2012, zote meli zilizozama kwetu Tanzania, mtu wa kwetu aliyezisikia zile orodha za majina redioni hafanyi mzaha na boya. Siku hizi meli nyingi unaangalia video kwenye simu kisha unakwenda kituoni mwenyewe kuhakikiwa, kwa hiyo unaweza kwenda mapema pakiwa kweupe. Ile milio 7 na mmoja mrefu mfundishe nyumbani, polepole, kwa sauti ndogo kwanza. Ingekuwa kwenye kitabu changu badala ya lile bwawa.

Cozumel ndo ilirudisha bwawa. Meli inafunga gatini kabisa, unashuka na kiti cha magurudumu bila kuhamia boti ndogo, na hilo ulizia kwa kila bandari mapema maana kuna zinazotumia boti ndogo na kiti kinaweza kukataliwa. Tulikwenda ufukwe tulivu wa upande wa magharibi. Bahari haina kanuni ya pampasi. Kijana alikuwa na jaketi la kuokolea tulilotoka nalo nyumbani, la saizi yake, alishalizoea kwenye beseni la kuogea, mmoja wetu yuko naye umbali wa mkono muda wote, kwa zamu ya dakika 20, na anayemaliza zamu anasema kwa sauti "nimekukabidhi". Mama alikaa kwenye maji ya kina cha kiuno na kanga yake, kijana mapajani, mawimbi yanakuja anayahesabu kwa vidole. Saa mbili na nusu. Sijawahi kumwona ametulia muda huo wote popote pale duniani.

Alhamisi usiku kabla ya kulala niliambiwa neno lililonichoma kuliko yote ya safari, lakini acha nianze na mchana wake. Progreso gati lake ni refu kama kilomita 6 na nusu, huvuki kwa miguu, unapanda basi kwenda mjini. Tukaamua kubaki. Meli ikabaki tupu, bafe haina mtu, lifti zake, ngazi zetu. Kama mtoto wako anashindwa na watu, siku ya bandari ndo siku yake ya kubaki. Tukafurahi sana sisi. Usiku binti ananiuliza, "Mama, kesho ni siku ya nani?" Nikasema ya kwetu wote. Akasema, "Jumatatu ya kaka, Jumanne ya kaka, jana ya kaka, leo ya kaka."

Yule ndiye aliyempata kaka yake. Na yeye ana mahitaji yake, tulishayasahau. Chumba chetu kilikuwa cha kawaida kwa sababu fomu hatukujaza, kiti chake hakikupita mlangoni, tunakikunja kila mara, kukiacha koridoni hairuhusiwi kwa ajili ya moto, kwa hiyo kilikuwa kinalala juu ya miguu ya bibi yake. Bafuni kuna kizingiti, alikuwa anabebwa. Vyumba vipana vyenye bafu bila kizingiti vipo, ila ni vichache na vinaisha mapema. Watu wanadhani ni fadhila, siyo. Kuna abiria waliosafiri miaka ya 1998 na 1999 kwa meli zilizokuwa zinaondokea hapa hapa Houston, wenye ulemavu na wenzao, wakashtaki, kesi ya Spector ikafika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, na 2005 ikaamuliwa kwamba sheria ya haki za watu wenye ulemavu inazigusa hata meli zinazopeperusha bendera za nje zikiwa kwenye maji ya Marekani. Mtu alipigania ule mlango mpana na sisi tukashindwa kuandika tu kwamba tunauhitaji.

Ijumaa ikawa ya binti. Baba yake alimpeleka klabu ya watoto, wakampokea na kiti chake, mchana wakacheza muziki, yeye kwenye kiti na baba yake anakizungusha, jioni alivaa gauni lake la njano akachagua meza na kila mtu alikula alichosema yeye. Kijana alivumilia saa nzima. Alipochoka mama alimtoa akaenda naye lifti.

Tumeshalipia nyingine, ya usiku 4. Chumba kipana, nje ya likizo za shule hata kama watakosa siku mbili za darasani. Fomu ameijaza mume wangu kwa mkono wake, ukurasa wa kijana na ukurasa wa binti, na mwisho kwenye sehemu ya mengineyo ameomba watutumie picha halisi ya vitufe vya lifti ya meli hiyo. Waliijibu baada ya siku nne. Tumeichapisha, ipo kwenye mlango wa friji, kijana ameshaikagua kwa kidole kutoka chini mpaka juu. 13 haina. Alienda chumbani kwake akaleta ile karatasi ya mama akaibandika pembeni yake.